Kusomea utandawazi, teknolojia na shule ukiwa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msomi wa fani hii anachunguza nini hasa?

Anachunguza safari mbili zinazokutana darasani. Ya kwanza ni safari ya mawazo. Wazo la elimu linazaliwa Paris au Washington, linapitishwa mkutanoni, linaingia kwenye sera, linateremshwa kwa waraka, mpaka linamfikia mwalimu wa darasa la pili kule Chipanga au Mpalanga. Ya pili ni safari ya vitu: redio, televisheni, kompyuta, kishikwambi, simu. Kazi yake ni kuuliza kitu hicho kilikuwaje kilipoondoka, kimebadilikaje njiani, na mtoto amepata nini kilipofika.

Wengi hudhani ni fani ya kompyuta, wanakuja na maswali ya programu. Kuandika programu si sharti. Sharti ni kuijua shule: ratiba, ikama ya walimu, ruzuku, lugha, mitihani, na mvua pia, maana katika wilaya za Bahi na Chamwino mahudhurio ya Januari hadi Machi hayafanani na ya Julai. Anayeijua shule atajifunza vifaa kwa muda mfupi. Anayevijua vifaa tu huchukua miaka kuielewa shule.

Utandawazi wa elimu si ulianza na intaneti?

Hapana, na kosa hili huharibu sura ya kwanza ya tasnifu nyingi. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Ilipendekeza elimu ya kilimo, ufundi na afya kwa Waafrika, kwa kuiga shule za Wamarekani weusi wa kusini kama Tuskegee na Hampton. Wazo lililokomaa Alabama likawa sera ya mkoloni huku. Chuo cha ualimu Mpwapwa kilizaliwa katika miaka hiyohiyo ya 1920, kwa hiyo mtafiti wa Dodoma hahitaji kwenda mbali kuanza historia yake.

Fuatisha mlolongo: mkutano wa Addis Ababa 1961, Elimu ya Kujitegemea 1967, Azimio la Musoma 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote 1977, kisha uchangiaji wa gharama wakati wa mageuzi ya uchumi. Halafu mikutano ya elimu ya dunia ya Jomtien 1990 na Dakar 2000, ada za shule za msingi kufutwa na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) kuanza 2002, na elimumsingi bila malipo kuanzia Januari 2016. Katika kila hatua uliza nani alileta fedha, nani alileta maneno, na nani alibaki na watoto 100 darasani. Elimu ya Kujitegemea inastahili kusomwa kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu hapo Tanzania haikuwa inapokea tu. Wasomi wa nchi nyingine walikuja kujifunza kutoka kwetu.

Usisahau pia kwamba nchi inaweza kukataa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994. Anayeandika kana kwamba teknolojia ilitiririka kuja huku bila mlango kufungwa, hajasoma historia.

Kwa nini Dodoma ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hii?

Kwa sababu umbali kati ya uamuzi na darasa ni mfupi. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iko hapa. TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa inayosimamia shule za msingi na sekondari za serikali, iko hapa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nazo ziko hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki ya elimu, na pia kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana na Chuo cha Mipango. Asubuhi unaweza kumhoji ofisa aliyeshiriki kuandika mwongozo, na mchana ukawa shuleni unaona mwongozo huo ukiwa kabatini bado na plastiki yake.

Mkoa una watu 3,085,625 kwa Sensa ya 2022. Ndani yake kuna shule za jijini zenye mkongo wa intaneti mlangoni na shule za Chemba ambako mwalimu hupanda kichuguu kutafuta mtandao. Tofauti hiyo, ndani ya mkoa mmoja, ni hazina kwa mtafiti.

Ngazi za kazi ya usomi zikoje?

Shahada ya kwanza ya elimu ni miaka mitatu. Umahiri, yaani shahada ya pili, ni miezi 18 hadi 24. Uzamivu, shahada ya tatu, huandikwa miaka mitatu au minne, ingawa wengi hufika mitano au sita kwa sababu ya ada na majukumu. Vyuoni mtu huanza mkufunzi msaidizi, akapanda kuwa mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Kwa kawaida mkufunzi msaidizi hutakiwa awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, kwa hiyo anayeitaka njia hii aanze kulinda alama zake mwaka wa kwanza, asingoje wa tatu.

Ushauri wetu: fundisha shule halisi angalau miaka miwili kabla ya umahiri. Hakuna kozi itakayokufundisha kuandika andalio la somo saa nne usiku na kesho kusahihisha madaftari 120.

Nianze kuwasoma wasomi gani?

Anza na wachache wanaopingana. Larry Cuban wa Stanford ameonyesha jinsi filamu, redio, televisheni na kompyuta zilivyoingia shule za Marekani kila moja na ahadi kubwa, na jinsi ufundishaji ulivyobaki karibu uleule. John Meyer anasema shule za dunia zinafanana kwa sababu nchi zote zinafuata sura moja ya taifa la kisasa. Gita Steiner-Khamsi anauliza kwa nini nchi huazima sera za wengine hata pale zisipofaa. Neil Selwyn anawabana wauzaji wa teknolojia kwa maswali magumu. Kwa Tanzania, msome Frances Vavrus, aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi. Halafu rudi kwa Nyerere wa 1967, mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea, msome kwa Kiswahili.

Swali zuri la utafiti linatambulikaje?

Lina mahali, lina watu, na jibu lake linaweza kukushangaza. "Changamoto za TEHAMA katika shule za sekondari" si swali. Jibu lake linajulikana kabla hujatoka nyumbani: umeme, walimu, fedha. Tasnifu za namna hiyo zimejaa rafu za maktaba. Sasa linganisha na hili: "Walimu wa hisabati wa kata tatu za Kongwa walitumiaje vishikwambi walivyopewa baada ya Sensa ya 2022?" Vishikwambi hivyo vilinunuliwa kuhesabia watu kisha vikagawiwa walimu. Havikuletwa kwa mpango wa ufundishaji. Kujua viliishia wapi (darasani, ofisini, nyumbani, au kwenye sanduku na kioo kilichopasuka) ni elimu mpya.

Vibali vinapatikanaje, na kwa muda gani?

Kwa Mtanzania aliye chuoni mfuatano ni huu. Kwanza kibali cha maadili cha chuo, ambacho huambatana na hojaji zako na fomu za ridhaa. Kisha barua ya utambulisho kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi hiyo hukuandikia barua kwenda wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi hukupeleka kwa afisa elimu wa msingi au sekondari, naye humwandikia afisa elimu kata na shule. Mgeni asiye Mtanzania huongeza kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kibali cha ukaazi cha daraja C kutoka Uhamiaji.

Tenga wiki nne hadi nane. Tembea na nakala tano za kila barua, maana kila ofisi hubaki na moja. Kinachochelewesha zaidi ni barua inayotaja wilaya moja wakati shule zako ziko wilaya mbili. Hapo unaanza upya. Taja kila halmashauri kwa jina lake kamili: Kondoa Mji na Kondoa Wilaya ni halmashauri mbili tofauti, na barua ya moja haifungui mlango wa nyingine.

Ukifika shuleni usiingie darasani kabla ya kuonana na mwalimu mkuu, au mkuu wa shule ikiwa ni sekondari. Mpe shikamoo yake, saini kitabu cha wageni, kaa ungoje. Vijijini, anza na ofisi ya mtendaji. Ukijua kuwaambia wazee "mbukwenyi" umeonyesha heshima ambayo barua yenye mhuri haiwezi kuibeba.

Niende shuleni mwezi gani?

Februari mwishoni, au Julai wiki ya tatu hadi Agosti mwishoni. Januari shule zinaandikisha. Mei ni mitihani ya muhula. Kuanzia Septemba darasa la saba wanafanya mtihani, Novemba kidato cha nne, na vyumba vya kompyuta mara nyingi hufungwa au hugeuzwa stoo ya madawati. Ukipima matumizi ya kompyuta mwezi Novemba utaandika sifuri, na sifuri hiyo itakuwa ya kalenda, si ya shule.

Matumizi ya teknolojia yanapimwaje?

Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Ripoti huhesabu mashine: shule ina kompyuta 20, wanafunzi 880, uwiano 1 kwa 44. Uwiano huo hausemi lolote kuhusu kujifunza. Kipimo tunachokitetea ni dakika za mwanafunzi: kila mtoto ameshika kifaa kwa dakika ngapi kwa wiki, na katika dakika hizo alikuwa anafanya nini.

Chukua mfano wa hesabu. Kidato cha pili kina wanafunzi 88. Leja ya mali inaonyesha kompyuta 20. Washa moja moja: 14 zinawaka. Hiyo ni wanafunzi sita au saba kwa mashine. Ratiba inatoa vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, jumla 80. Sasa kaa nyuma ya darasa na saa mkononi. Kutoka darasani hadi chumba cha kompyuta, dakika 5. Ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu, dakika 3. Kuwasha na kungoja, dakika 6. Kupanga nani akae wapi na kuzima mwishoni, dakika 4. Zimepotea 18, zimebaki 22 kwa kipindi, 44 kwa wiki. Gawa kwa 6.3 unapata dakika 7. Kwa wiki 30 za masomo halisi, mtoto anashika kompyuta saa tatu na nusu kwa mwaka mzima. Wenye mikono mepesi wanapata zaidi ya hapo. Waliosimama nyuma, na mara nyingi ni wasichana, wanapata kidogo au hawapati kabisa. Kwa hiyo usiishie kwenye wastani. Chagua watoto sita kabla ya kipindi, uwafuatilie kila mmoja, uandike kila dakika mbili nani ameshika kipanya.

Fanya hivyo kwa vipindi visivyopungua vitatu kwa kila mwalimu. Kipindi cha kwanza ni cha maonyesho, mwalimu amejiandaa kwa ajili yako. Cha tatu ndicho kinachofanana na siku ya kawaida.

Hojaji yangu inarudi na majibu mazuri kupita kiasi. Tatizo ni nini?

Tatizo ni maswali. "Je, unatumia TEHAMA kufundisha?" Karibu kila mwalimu atajibu ndiyo. Mmoja anawaza WhatsApp ya walimu, mwingine kuchapa mtihani stationari, wa tatu projekta aliyoitumia mara moja miaka miwili iliyopita. Wote wamesema kweli, nawe huna data. Uliza: "Jana na juzi, ulishika kifaa gani ukiwa mbele ya wanafunzi, kwa somo gani?" Epuka "mara kwa mara" na "mara chache", maana kila mtu ana mizani yake. Uliza siku ngapi kati ya tano zilizopita.

Hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza impe mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya kwanza. Palipotofautiana ndipo swali lako lina ufa. Kisha ijaribu kwa walimu wanane hadi kumi wa shule isiyo kwenye sampuli.

Lugha ina uzito gani?

Mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye maandiko mengi. Mtoto wa Bahi anakuja darasa la kwanza na Kigogo. Wa Chemba anaweza kuja na Kirangi, Kisandawe au Kiburunge. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Sasa mpe kompyuta yenye amri zote za Kiingereza. Mtoto anayeshindwa kuhifadhi faili ameshindwa kompyuta, au ameshindwa neno? Ukimpima kwa Kiingereza hutajua. Mpime mara mbili, mara ya pili ukimwelekeza kwa Kiswahili. Tofauti kati ya matokeo mawili ni gharama ya lugha, nayo ni matokeo yanayostahili sura nzima.

Nichukue shule ngapi na watoto wangapi?

Shule nyingi, watoto wachache kila shule. Watoto wa shule moja wanafanana: mwalimu mmoja, umeme mmoja, kijiji kimoja. Tuseme kiwango cha kufanana ni 0.2 (sifuri ni kutofanana kabisa, moja ni kufanana kabisa), ambacho si ajabu kwa alama za mitihani. Ukichukua watoto 40 kutoka shule 10, jumla 400, taarifa uliyopata ina uzito wa watoto 45 tu waliochaguliwa huru: 400 gawanya kwa 1 + (39 × 0.2), ambapo 39 ni watoto 40 wa shule toa mmoja. Ukichukua watoto 10 kutoka shule 40, jumla ni ileile 400, lakini uzito wake ni wa watoto 143. Nauli inapanda, ndiyo. Lakini ni afadhali kupunguza kurasa za hojaji kuliko kupunguza shule.

Kwa nini kompyuta za shule hufa mapema?

Vumbi kwanza. Vumbi jekundu la Dodoma la Julai hadi Oktoba huingia kwenye feni, mashine inapata joto, inajizima, mwishowe haiwaki. Kompyuta ya mezani inahitaji kufunguliwa na kupulizwa kila miezi miwili wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na brashi ya rangi ya inchi moja. Pili, umeme unaopanda na kushuka. Mashine 14 zikiunganishwa kwenye ekstenshen moja bila stebilaiza, radi moja ya Desemba huzimaliza zote siku moja. Tatu, nywila: mwalimu aliyeziweka amehamishwa, hakuna aliyeandika. Nne, Luku, yaani umeme wa kulipia kabla.

Hiyo ya nne haiandikwi vya kutosha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 kati yake ndizo huenda shuleni. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi, ukarabati, mitihani na mengine yote. Mwalimu mkuu anayefunga chumba cha kompyuta ili kuokoa umeme haogopi teknolojia. Amepiga hesabu. Kabla ya kuandika kwamba walimu wana mtazamo hasi, omba kuona matumizi ya miezi mitatu.

Umeme jua utatosha?

Piga hesabu kabla ya kusifia. Kompyuta mpakato 20 za wati 40 ni wati 800. Kwa saa nne kwa siku ni watisaa 3,200. Ongeza upotevu wa inveta, nyaya na vumbi, fikia 4,500. Dodoma ina jua kali la kutosha kuhesabu saa tano kamili kwa siku, hivyo unahitaji paneli za jumla ya wati 900, yaani tatu za 300. Weka nne. Betri ya risasi ya volti 12 na ampeasaa 200 hubeba watisaa 2,400, lakini usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa ndani ya mwaka au miwili. Betri mbili zinafaa kama masomo ni ya mchana wakati jua linachaji. Mashine za mezani za wati 120 zingetaka mara tatu ya hayo yote. Miradi mingi hukwama hapa: paneli zimepangwa kwa kompyuta mpakato, msaada ukaja wa mashine za mezani.

Kuna ushahidi wowote kwamba teknolojia inamfundisha mtoto?

Upo, na unapingana, ndiyo maana fani hii ni hai.

Nchini Peru, chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto uliotangazwa duniani mwaka 2005, watafiti walifuatilia shule 319 za vijijini. Idadi ya kompyuta ilipanda sana, kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa mtoto. Alama za hisabati na lugha hazikusogea. Walimu hawakuwa wamebadilisha chochote, na kompyuta haikuwa imefungamanishwa na mtaala.

Hapa kwetu, mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto karibu 2,700 katika vijiji karibu 170, kwa miezi 15, mpaka 2019. Wengi hawakuwa wamewahi kwenda shule. Programu zilikuwa za Kiswahili, kila kijiji kikawa na kituo cha kuchajia kwa jua, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua karibu nusu. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini soma kwa makini: takwimu hiyo inawalinganisha na walivyokuwa wao wenyewe kabla ya kuanza. Hilo halikuambii kishikwambi kinamzidi mwalimu, wala halikuambii nini kitatokea mwaka wa nne chaja zikiisha.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wazima karibu milioni mbili kwa redio. Haikuwa redio peke yake. Kulikuwa na vikundi vya kusikiliza, kitabu kidogo mkononi, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, na kazi ya kufanya baada ya kusikiliza, kama kuchimba choo. Kila ukisoma mradi mpya wa vishikwambi, tafuta ni nani amechukua nafasi ya yule kiongozi wa kikundi. Mara nyingi utakuta nafasi hiyo iko wazi.

Utafiti wa KiuFunza wa 2013 na 2014 nao hauhusu kompyuta, lakini usiuruke. Katika shule 350, Kondoa ikiwemo, ruzuku iliyopelekwa moja kwa moja shuleni haikupandisha alama peke yake. Ilipoambatana na malipo kwa walimu kulingana na matokeo, alama zilipanda. Kitu bila mtu wa kukitumia hakisogezi darasa, kiwe pesa au kiwe kompyuta.

Takwimu zipi zinapatikana bure?

Matokeo ya kila shule yanatolewa na NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), takwimu za elimu msingi hutolewa na TAMISEMI kila mwaka, na za sensa ziko Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Watafiti wa mpango wa Uwezo, waliowapima watoto kusoma majumbani kuanzia 2010, wana faida moja kubwa: waliwafikia hata walioacha shule. Angalizo: Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Usijipangie orodha yako ya "shule kumi za mwisho" na majina yake. Tumia namba za siri.

Sheria inasemaje kuhusu taarifa na picha za watoto?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mtafiti pia. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi au kwa dole gumba mbele ya shahidi, kisha muulize mtoto mwenyewe. Majina yawe kwenye daftari moja na majibu kwenye lingine, yakiunganishwa kwa namba tu. Picha ya darasa iliyorushwa kwenye status ya simu ni kosa hata kama mwalimu alicheka na kuridhia.

Je, nitumie akili mnemba kuchambua mahojiano?

Usipandishe mahojiano yenye majina. Yanakwenda kuhifadhiwa nje ya nchi, jambo ambalo mzazi hakulikubali. Pia mifumo hiyo hunukuu vibaya Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo, ikajaza maneno yake palipokosekana. Mahojiano ya saa moja huchukua saa tano hadi sita kuandika kwa mkono. Zitenge.

Nichapishe wapi, na nitatambuaje jarida la utapeli?

Jarida la utapeli linakupongeza ndani ya siku tatu, linakuomba ada kabla ya mapitio, na wahariri wake hawapatikani vyuoni wanakodai wapo. Jarida la kweli hukaa na makala miezi minne hadi kumi na mbili, kisha hukurudishia kurasa za masahihisho yanayouma. Kataliwa mara mbili, rekebisha, peleka kwingine. Andika walau makala moja kwa Kiswahili pia. Walimu uliowahoji wanastahili kuisoma.

Shule itapata nini baada ya utafiti?

Karatasi moja, pande mbili, Kiswahili, ndani ya miezi mitatu tangu ulipomaliza kukusanya data. Usingoje tasnifu ipite. Weka mambo matatu: ulichohesabu, ulichokiona kinafanya kazi, na kimoja ambacho shule inaweza kukirekebisha bila fedha mpya, kama ufunguo wa chumba cha kompyuta kukaa ofisi ya walimu badala ya mfukoni mwa mtu mmoja. Peleka nakala nne: ya mwalimu mkuu, ya mwalimu wa somo, ya kamati ya shule, na ya afisa elimu kata. Ya kamati isomwe kwa sauti kwenye kikao, kwa sababu baadhi ya wajumbe hawasomi, na maswali yao baada ya kusomewa mara nyingi ndiyo huwa utafiti unaofuata.